Unajenga shambani? Pima maji kabla ya kulaza mabomba

Wakazi wengi wa mjini siku hizi wananunua vipande vya ardhi Njoro, Bahati, Gilgil na Naivasha ili wajenge nyumba zao. Aghalabu mwenye nyumba huchimba kisima, hununua mabomba na kuyalaza mwenyewe akisaidiwa na fundi mmoja, ili apunguze gharama. Hakuna ubaya. Lakini kuna swali la afya ambalo halina budi kujibiwa kabla ya mtaro wa kwanza kuchimbwa: je, maji yatakayofika jikoni yana floraidi kiasi gani?

Floraidi ni madini yanayotoka katika miamba ya volkano, ambayo imejaa kote katika Bonde la Ufa. Kiasi kidogo huimarisha meno. Kikizidi hudhuru. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru na vitongoji vyake hupita kiwango hicho. Maji hayo huwa maangavu, hayana harufu, na hayamwumizi mtu tumbo. Ndiyo maana hudhaniwa kuwa salama.

Wanaoumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka minane, kwa kuwa gamba la nje la meno yao ya ukubwani lingali linajengwa ndani ya ufizi. Meno huota yakiwa na madoa meupe au ya kahawia, na mengine humomonyoka. Kupiga mswaki hakuyaondoi madoa hayo. Mtu anayetumia maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huweza pia kupata maumivu na ugumu wa viungo na mgongo.

Msomaji, usidhani kuchemsha kutakusaidia. Kuchemsha huua viini, lakini floraidi hubaki, na maji yanapopungua sufuriani huzidi kukolea. Klorini pia haiiondoi. Magadi yanayotiwa kwenye githeri huongeza floraidi nyingine.

Ufanye nini? Kwanza, peleka maji ya kisima kwenye maabara ya maji yapimwe floraidi. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kuchimba kisima.

Pili, yakipita kiwango, laza njia mbili za mabomba. Ya kisima ipeleke maji bafuni, chooni na kwenye bustani. Ya pili itoke kwenye tangi la mvua hadi mfereji mmoja tu wa jikoni, wa kunywa na kupikia.

Je, mvua itatosha? Paa la mita za mraba 100 hukusanya lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua. Nakuru hupata takriban milimita 900 kwa mwaka. Hata ukipoteza robo, utapata zaidi ya lita 60,000. Familia ya watu watano inayotumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupikia huhitaji lita 9,000 hivi kwa mwaka. Tangi la lita 5,000 likijaa litavusha kiangazi cha siku 100 na kubakisha nusu.

Tatu, usikubali njia hizo ziunganishwe, hata kwa valvu. Siku tangi la mvua litakapokauka mtu ataifungua, na huenda asikumbuke kuifunga. Paka mabomba rangi tofauti ili fundi atakayekuja baadaye asikosee.

Nne, weka mahali pa kumwagia maji ya kwanza ya mvua, yanayobeba vumbi na kinyesi cha ndege. Funika tangi, safisha gata, na uchemshe maji ya kunywa. Haya ya mvua kuchemsha kunayafaa.

Asiyeweza kuvuna mvua atumie chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikiieneza kwa miaka mingi. Mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe. Kwa hivyo maji yanayotoka kwenye chujio yapimwe mara kwa mara.

Ikiwa nyumbani kuna mtoto anayenyonya chupa, anza na yeye: maziwa yake yakorogwe kwa maji ya mvua yaliyochemshwa, hata kama mabomba hayajakamilika.