Kupunguzwa kwa Ukurasa wa Gazeti na Fedha za Matangazo

Gazeti linapofika kambini au kituoni, aghalabu msomaji hutazama habari kwanza, na matangazo huyaacha mwisho. Hata hivyo, matangazo hayo ndiyo yanayosaidia kulipia karatasi na wino wa gazeti lenyewe. Tena ni humo zinamotolewa zabuni za vyakula, sare, mafuta ya magari na ujenzi wa majengo ya serikali, pamoja na taarifa za kuandikisha vijana kazini na wito wa mahakama. Kwa hiyo gazeti lolote linapobadili ukubwa wa ukurasa wake, jambo hilo haliwahusu wachapaji peke yao. Linagusa fedha ya umma, na linagusa haki ya mwananchi ya kuarifiwa.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi ukurasa unavyopungua. Gazeti la kurasa pana la desturi ya Uingereza lilikuwa na urefu wa sentimita 60 hivi na upana wa sentimita 37 na nusu. Karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili na kukunjwa mara moja hutoa kurasa nne za namna hiyo. Karatasi hiyo hiyo ikikunjwa mara ya pili na kukatwa, hutoa kurasa nane ndogo, kila moja ikiwa karibu nusu ya ile ya kwanza. Karatasi haikupungua, kilichobadilika ni mkunjo. Lakini mkunjo huo mmoja unatosha kuleta ubishi mkubwa kati ya mwenye gazeti na mwenye tangazo.

Afrika ya Mashariki imeyaona mambo haya zamani. Gazeti la Daily Nation lilipoanzishwa mjini Nairobi mwaka 1960, lilitoka kwa kurasa ndogo, wakati mshindani wake mkubwa, East African Standard, lilikuwa la kurasa pana. Gazeti dogo lilishikika kwa urahisi ndani ya basi na juu ya meza ya ofisi, nalo likapata wasomaji wengi. Baadaye mshindani wake naye aliingia katika ukubwa huo huo.

Huko Uingereza, mabadiliko yalikuja kwa kishindo. Mwezi Septemba 2003 gazeti la The Independent lilianza kutoa toleo dogo sambamba na lile kubwa, na mwaka 2004 likaacha kabisa kurasa pana. The Times lilifuata njia hiyo hiyo, na tangu Novemba 2004 likatoka kwa ukubwa mdogo tu. The Guardian lilichagua ukubwa wa kati, unaoitwa kwa jina la mji wa Berlin, mwaka 2005, likanunua mitambo mipya kwa ajili yake. Lakini Januari 2018 nalo likashuka hadi ukubwa mdogo, na kazi ya kuchapa likaikabidhi kwa kampuni nyingine ili kupunguza gharama. Nchini Marekani, The New York Times lilipunguza upana wa ukurasa wake mwaka 2007 kutoka inchi 13 na nusu hadi inchi 12, yaani karibu sehemu moja ya tisa ya upana wote.

Sasa, mwenye tangazo huathirika vipi? Hapa hapana budi kupiga hesabu. Matangazo huuzwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kipimo: safu moja kwa kila sentimita ya urefu. Njia ya pili ni ya sehemu ya ukurasa: ukurasa mzima, nusu, au robo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ukurasa mpana una safu nane zenye urefu wa sentimita 50, na bei ni faranga 1,000 kwa kila sentimita ya safu. Ukurasa mzima una sentimita 400 za safu, na bei yake ni faranga 400,000. Gazeti likipunguzwa, ukurasa ukawa na safu tano zenye urefu wa sentimita 40, kipimo kinakuwa sentimita 200, na bei ya haki kwa kipimo ni faranga 200,000.

Mwenye gazeti atasema: "Ukurasa mzima ni ukurasa mzima. Msomaji akiufungua, haoni kingine ila tangazo lako. Basi lipa kama zamani." Mwenye tangazo naye atajibu kwamba amenunua kitambaa cha mita mbili na kupewa cha mita moja. Ubishi wa namna hiyo haukosekani popote magazeti yanapopunguzwa, na ukweli ni kwamba kila upande una sehemu yake ya haki.

Kiwanda cha bia, benki au kampuni ya simu hutangaza kwa picha moja kubwa na maneno machache. Kwao ukurasa mdogo hauleti hasara kubwa, kwa kuwa picha hujaza macho ya msomaji kama ilivyokuwa awali. Mfanyabiashara wa wastani hata hupata faida: tangazo lake la sentimita 100 za safu, lililokuwa robo ya ukurasa mpana na kuzungukwa na matangazo mengine, sasa linakuwa nusu ya ukurasa mdogo, na huonekana mara moja.

Lakini tangazo la zabuni si picha. Lina idadi ya magunia, aina ya bidhaa, mahali pa kupeleka, dhamana inayotakiwa, siku na saa ya kufungua bahasha. Tangazo la kuandikisha vijana lina masharti ya umri, elimu na hati za kuleta. Maneno hayo hayapungui kwa sababu karatasi imekunjwa. Yakilazimishwa kuingia katika nusu ya nafasi, moja kati ya mambo mawili hutokea: ama herufi hufanywa ndogo hata msomaji wa mbali, mwenye taa hafifu, ashindwe kuzisoma, ama maneno hukatwa, na sharti lililokatwa huja kuwa chanzo cha malalamiko. Mfanyabiashara mdogo asiyeona tarehe hukosa zabuni. Washindani wakipungua, bei hupanda. Na anayeilipa bei hiyo ni hazina ya taifa.

Hapa Burundi, gazeti la serikali la Le Renouveau du Burundi, lililoanzishwa mwaka 1978, hubeba matangazo mengi ya idara na mashirika ya umma, na magazeti ya watu binafsi kama Iwacu nayo hupokea matangazo. Nchi haina bahari. Karatasi inayotoka ng'ambo hupitia bandari kama Dar es Salaam, kisha hupanda kwa barabara, au kwa reli hadi Kigoma na kuvuka ziwa la Tanganyika mpaka bandari ya Bujumbura. Karatasi hiyo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo gazeti lo lote linalotafuta njia ya kubana matumizi lisilaumiwe kwa haraka. Kilicho muhimu ni kwamba akiba itokane na kupanga kazi vizuri, isitokane na kumwuzia mnunuzi jina la ukurasa huku ukurasa wenyewe umepungua.

Maofisa wa ugavi na wa fedha, katika kambi na katika makao ya polisi, wanao wajibu ulio wazi. Mkataba wa tangazo utaje sentimita na idadi ya safu, usitaje "ukurasa mzima" peke yake. Upana wa safu nao upimwe, kwani safu ikifanywa nyembamba, sentimita ya leo si sentimita ya jana. Ukubwa wa herufi ukubaliwe kabla ya kuchapa, na nakala ya majaribio isomwe neno kwa neno. Malipo yafanywe baada ya kulinganisha tangazo lililotoka na kipimo kilichoagizwa, kwa rula mkononi. Askari anayepokea magunia ya maharagwe ghalani huyapima kwanza ndipo atie sahihi. Nafasi ya gazeti nayo ni mali iliyonunuliwa kwa fedha ya umma, na ipimwe vivyo hivyo.