Sura ya Saba: Saturn, Gari la Bei Moja

Mteja aliyenunua Saturn mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakurushiwa funguo juu ya meza akaenda zake. Gari lilikuwa limeoshwa, tangi limejaa mafuta, na limesogezwa mahali pake maalumu pa kukabidhiwa. Wafanyakazi wa duka, kuanzia muuzaji na karani wa mapokezi hadi fundi aliyetoka gereji akijifuta oili mikononi, waliacha kazi zao wakamzunguka. Walimpigia makofi na kumshangilia, kisha wakampiga picha akiwa amesimama kando ya gari lake. Na gari lenyewe halikuwa la kifahari. Lilikuwa gari dogo la familia lenye injini ya silinda nne, na la bei nafuu kuliko yote liliuzwa dola 7,995.

Historia ya magari ya Marekani imejaa magari mazuri yaliyokosa wanunuzi. Saturn ilikuwa kinyume chake: gari la wastani lililopata wapenzi wa kufa na kupona. Kwa hiyo sura hii inazungumzia uaminifu kuliko injini, yaani jinsi kampuni kubwa kuliko zote za magari duniani kwa wakati ule, General Motors (GM), ilivyofanikiwa kuupata, na jinsi ilivyouacha ukaponyoka.

Mambo yalianza kwa hofu. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na kupanda tena 1979, Wamarekani waligeukia magari madogo, na magari madogo yaliyoaminika yalitoka Japani. Kufikia mwaka 1982 Honda ilikuwa inaunganisha magari Marysville, Ohio, na mwaka uliofuata Nissan ikafungua kiwanda chake Smyrna, Tennessee. Wajapani sasa walitengeneza magari kwenye ardhi ya Marekani kwa mikono ya Wamarekani, na bado magari yao yaliharibika mara chache kuliko ya General Motors. Kisingizio cha kwamba mfanyakazi wa Marekani hawezi kazi safi kikawa kimekwisha. Tatizo lilikuwa uongozi na mfumo, na ndani ya GM walikuwepo watu waliolijua hilo.

Ndipo likaundwa kundi la watu 99, mameneja na wanachama wa chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, wakiwa wamechanganywa. Mwaka 1984 walizunguka viwanda vya GM na kampuni nyingine nyingi wakiuliza swali moja: kazi hii ingefanywaje kama tungeanza upya? Januari 1985 mwenyekiti wa GM, Roger Smith, akatangaza kampuni mpya ndani ya GM, yenye uongozi wake, kiwanda chake, maduka yake na mkataba wake wa kazi. Jina walilichukua kwenye maroketi ya Saturn yaliyowapeleka Wamarekani mwezini, kwa kuwa wakati ule mshindani alikuwa Urusi ya Kisovieti, kama Japani ilivyokuwa sasa.

Mkataba ule wa kazi ulikuwa na kurasa 28 tu, ilhali mkataba wa kawaida kati ya GM na UAW ulikuwa wa mamia ya kurasa zilizoeleza nani aguse nini na nani asiguse. Ndani ya Saturn wafanyakazi waligawanywa katika timu zilizojipangia kazi zenyewe, zikashiriki kuajiri na zikasimamia ubora wa kazi yao. Sehemu ya malipo yao ilitegemea malengo ya ubora, mafunzo na uzalishaji. Kila meneja alikuwa na mwenzake wa chama, nao waliamua pamoja. Mfanyakazi aliyeona kasoro aliruhusiwa kusimamisha laini nzima.

Kiwanda kilijengwa Spring Hill, Tennessee, kijiji cha wakulima na wafuga farasi ambacho hakikuwa kinafikisha watu elfu mbili. Magavana wa majimbo mengi walikuwa wameshindania kiwanda hicho kama watu wanaogombea mwali. Wafanyakazi walitoka mbali, wengi wao kutoka Michigan na majimbo mengine ya kaskazini ambako viwanda vya GM vilikuwa vinafungwa. Waliuza nyumba, wakahamisha watoto shule, wakaacha haki walizojikusanyia kwa miaka mingi kazini. Gari la kwanza lilitoka kwenye laini tarehe 30 Julai 1990, muda mfupi kabla Smith hajastaafu.

Kama kuna kisa kimoja kinachoonyesha kwamba maneno ya mkataba ule hayakuwa ya kupamba ukuta, ni kile cha Oktoba 1991. Mwenyekiti mpya wa GM, Robert Stempel, alikuja kukitembelea kiwanda. Wafanyakazi walimpokea wakiwa wamefunga vitambaa mikononi kama ishara ya kupinga. Hawakuwa wakidai mshahara wala mapumziko. Walikuwa wakilalamika kwamba wanasukumwa kutoa magari mengi haraka mno, na kwamba ubora utaathirika. Wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Marekani kupaza sauti ili magari yatengenezwe kwa uangalifu zaidi! Nionavyo, hakuna siku iliyoipa Saturn heshima kubwa kuliko ile.

Sasa tuliangalie gari lenyewe. Milango, madigadi na bampa vilikuwa vya plastiki ngumu iliyofungwa juu ya fremu ya chuma. Boneti, paa na buti vilibaki bati. Kigari cha kubebea bidhaa dukani kikiugonga mlango wa Saturn, plastiki ilibonyea ikarudi ilivyokuwa. Kwa wanaoishi kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji na bati huliwa na kutu kuanzia chini, hii ilikuwa neema: gari la miaka 15 lilikuwa na milango mizima wakati ya jirani imekwishatoboka. Plastiki hutanuka kwenye joto, hivyo nafasi kati ya mlango na mlango iliachwa pana kuliko kawaida, na wenye macho ya ufundi waliiona mara moja. Wenye magari hawakujali. Injini ya lita 1.9 ilitumia cheni badala ya mkanda, kwa hiyo hapakuwa na mkanda wa kubadilisha kila baada ya miaka kadhaa. Ilikuwa na kelele ikisukumwa, na toleo la chini lilikuwa na nguvu farasi 85 tu, lakini lita moja ya mafuta ilikwenda mbali sana kwenye barabara kuu.

Ugonjwa wake uliojulikana na kila mmiliki ulikuwa kula oili. Baada ya kilomita nyingi, ringi za pistoni zilishikwa na uchafu, oili ikapita na kuungua bila kuacha dimbwi lolote chini ya gari. Aliyezoea kufungua boneti wakati wa kumwaga oili tu alikuja kushtuka injini imekauka. Wazoefu walivuta kijiti cha kupimia kila walipojaza mafuta, wakaweka chupa ya oili kwenye buti, na gari likawabeba kilomita laki tatu na zaidi. Naamini ugonjwa huu ungelizika gari la kampuni nyingine yoyote. Mmiliki wa Saturn aliuzoea, kwa sababu ya alivyotendewa dukani.

Huko dukani bei ilikuwa moja, iliyoandikwa, sawa kwa wote. Mwanamke aliyekuja peke yake, kijana asiye na uzoefu na mzee mjuzi wa kubishana walilipa sawasawa. Kwa mnunuzi wa Marekani aliyezoea kufungiwa kwenye chumba kidogo saa tatu huku muuzaji akitoka na kurudi eti anamuuliza bosi wake, hii ilikuwa kama kuvuliwa mzigo kichwani. Muuzaji hakuishi kwa kumkamua mteja mmoja mmoja. Gari likikukataa ndani ya siku 30, ungeweza kulirudisha.

Halafu ukaja mtihani wa kwanza. Mwaka 1991 iligundulika kwamba magari zaidi ya 1,800 yalikuwa yamejazwa maji ya rejeta yenye mchanganyiko mbovu, unaoweza kuila injini kwa ndani. Kampuni ingeweza kuyasafisha au kubadilisha injini. Badala yake iliwapa wenye magari hayo magari mapya kabisa. Mwaka 1993 ikabidi kuita magari takriban 350,000 kwa ajili ya waya ulioweza kuwaka moto, na maduka mengi yakaigeuza siku ya matengenezo kuwa sherehe ndogo: nyama za kuchoma, gari linaoshwa bure, watoto wanacheza. Aibu ya kampuni ikawa siku ya kujuana na wateja. Katika upimaji wa kuridhika kwa wateja wa mwaka 1992, Saturn ilishika nafasi ya tatu nyuma ya Lexus na Infiniti, magari ya mamilionea.

Juni 1994 kampuni iliwaalika wenye magari waje kuona yalikozaliwa. Watu zaidi ya 40,000 walikwenda Spring Hill, wengine wakiendesha kuvuka nchi nzima na familia zao, wakatumia likizo yao ya mwaka kutembelea kiwanda. Waliwakuta walioyaunganisha magari yao, wakashikana mikono, wakanyeshewa mvua kubwa pamoja. Mwaka huo yaliuzwa magari kama 286,000. Saturn haikuifikia tena idadi hiyo.

Tatizo ni kwamba wapenzi hao walikuwa wakikua. Aliyenunua gari dogo akiwa kijana alioa, akapata watoto, akahitaji gari kubwa zaidi. Alirudi duka lile lile alilolipenda, akakuta gari lile lile. Mabilioni ya dola yalikuwa yamemwagwa Spring Hill, na vitengo vingine vya GM, kama Chevrolet na Oldsmobile, vilinung'unika kwamba fedha zao zimepewa mdogo wao. Basi mdogo akanyimwa. Kwa karibu miaka kumi Saturn iliuza aina moja ya gari kwa kubadilishiwa sura. Kampuni ilijaribu hata Japani kuanzia 1997, kwa usukani wa kulia, ikajiondoa 2001 baada ya kupata wanunuzi wachache mno. Ndiyo maana kati ya magari yaliyotumika kutoka Japani yanayojaa Dar es Salaam na Mombasa, Saturn hukutani nayo.

Gari kubwa lilipofika mwaka 1999, L-Series, lilijengwa juu ya Opel ya Ulaya na kuunganishwa Delaware, mbali na Spring Hill na mkataba wake. Mwaka 2002 ikaja Ion kurithi gari dogo. Saa zake ziliwekwa katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva, plastiki za ndani zilionekana duni, na wamiliki wa zamani walioijaribu waliondoka kimya kwenda Honda na Toyota. Ajabu kubwa ni kwamba VUE, gari la juu lililouzika vizuri, lilikuja kufungwa injini ya V6 iliyonunuliwa Honda, kwa mshindani ambaye Saturn ilizaliwa ili impige. Kufikia mwisho wa 2003 wafanyakazi wenyewe walipiga kura kurudi kwenye mkataba wa kawaida wa UAW.

Ion iliacha jeraha jingine baya zaidi. Swichi yake ya kuwashia ilikuwa legevu. Ufunguo ukivutwa na uzito au gari likirushwa na shimo, injini ilizimika njiani na mifuko ya hewa haikufunguka wakati wa ajali. Dalili zilionekana tangu mwaka 2001, kabla Ion haijaanza kuuzwa, lakini GM iliyaita magari yenye swichi hiyo, Ion na ndugu zake, mwaka 2014. Mfuko wa fidia ulitambua vifo 124. Liweke hilo kando ya magari 1,800 yaliyobadilishwa kwa sababu ya maji ya rejeta, uone umbali uliokwisha kutembewa.

Magari mazuri yalikuja mwishoni: Sky ya viti viwili, na Aura iliyotajwa gari bora la mwaka 2007 la Amerika Kaskazini. Yalikuja wateja wakiwa wameshasambaa. Mwezi Machi mwaka huo huo Spring Hill iliacha kutengeneza Saturn. GM ilifilisika Juni 2009. Mfanyabiashara Roger Penske alikubali kuinunua Saturn na maduka yake, lakini kampuni nyingine iliyotarajiwa kumtengenezea magari baadaye ilijitoa, na mpango ukavunjika tarehe 30 Septemba. Mwaka 2010 maduka ya mwisho yalifungwa.

Wengi huandika kwamba Saturn iliuawa na mgogoro wa fedha wa 2008. Sikubaliani. Mgogoro ulikuta imekwishadhoofika. Watu 40,000 walikwenda Spring Hill mwaka 1994 wakiwa tayari kununua gari lao linalofuata, na kampuni iliwachelewesha mpaka 1999. Hesabu ya kushindwa kwa Saturn ianzie kwenye miaka hiyo mitano.