Askari ni Nani? Kusomea Uzingatiaji wa Kanuni katika Dhahabu ya Fizi

Nikiwaambia wenzangu wa kitivo kwamba jioni nasomea uzingatiaji wa kanuni na usimamizi wa vihatarishi, wengi hudhani nimeacha lugha nikahamia sheria. Sijahama. Kwetu Fizi, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuuliza swali kwa Kiswahili na kuandika jibu kwa Kifaransa.

Dhahabu ya Misisi huchimbwa kwa mikono. Kisheria, mchimbaji anatakiwa kuwa na kadi, SAEMAPE ndiyo inayomsimamia shimoni, na CEEC ndiyo inayotoa cheti cha Maziwa Makuu kabla dhahabu haijavuka mpaka. Cheti hicho kilitokana na makubaliano ya wakuu wa nchi zetu, Lusaka, Desemba 2010. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizo kwenye masoko yake ya hisa zieleze kama madini yao yametoka Kongo au kwa majirani. Ulaya nayo ina kanuni yake, iliyoanza kutumika Januari 2021. Zote hutegemea mwongozo wa OECD wenye hatua 5, na ya pili ndiyo inayotuhusu hapa: kutambua vihatarishi na kuvipima.

Neno “kihatarishi” nimelikuta katika nyaraka za serikali ya Tanzania. Huku kwetu halijafika. Tunasema “hatari”, na ukimuuliza mchimbaji wa Misisi kuhusu hatari, atakueleza udongo unavyoporomoka wakati wa mvua. Ana haki. Lakini mnunuzi wa ng'ambo anauliza jambo jingine: je, fedha ya dhahabu hii inamfikia mtu mwenye bunduki?

Mwongozo unakataza “kuunga mkono” makundi yenye silaha, hata kwa njia isiyo ya moja kwa moja, na ndani yake umehesabu pia kodi haramu inayotozwa njiani au kwenye mlango wa mgodi. Sasa muulize PDG, kama tunavyomwita mwenye shimo: “Papa, mnaunga mkono kundi lolote?” Atakasirika. Yeye alisimamishwa kwenye kizuizi akanyang'anywa. Hakumuunga mkono mtu. Jibu lake, hapana, ni la kweli, na kwenye fomu ni la uongo. Kwa hiyo swali inabidi livunjwe: mlipita wapi, nani alisimama pale, mlitoa kiasi gani, mlipewa karatasi?

Hilo la “nani” ndilo lililonikwaza. Katika zoezi moja la mafunzo niliandika maelezo ya mama mmoja mtwangaji wa mawe. (Kamituga, jirani zetu wa Mwenga, Kifaransa kimewapa kina mama hao jina la “twangeuses” kutoka katika kitenzi chetu cha kutwanga, wanaisimu, hiyo ni mada ya tasnifu.) Alisema “askari” walimtoza. Mimi nikaandika “kundi lenye silaha”. Mkufunzi aliniuliza swali moja tu: askari gani?

Sikujua. Nilipomrudia, mama alishangaa kwamba sikuelewa: wanajeshi wa serikali, wenye sare. Tofauti hiyo si ya mtindo. Ikiwa ni kundi la msituni, mwongozo unamtaka mnunuzi asimamishe biashara mara moja. Ikiwa ni jeshi au polisi wa serikali, anaweza kuendelea kununua huku akiweka mpango wa kupunguza tatizo, na ndani ya miezi 6 uonekane mabadiliko yanayopimika. Kwa neno langu moja, mama yule angekosa mteja, na aliyemtoza angebaki palepale kwenye kizuizi.

Ndiyo maana nadhani mtu wa lugha hakosi nafasi katika fani hii, mradi akubali kusoma mambo yasiyo na utamu: Sheria ya Madini ya 2002 na marekebisho yake ya 2018, kiambatisho cha pili cha mwongozo wa OECD, na fomu nyingi. Mimi nimeanza daftari. Ukurasa wa kwanza una “askari”, na chini yake maana 5 nilizosikia kati ya Baraka na Misisi: mwanajeshi, polisi, mlinzi wa mgodi, kijana wa msituni, na mtu yeyote aliyeshika bunduki barabarani usiku. Ukurasa wa pili una “kodi”, na bado haujajaa.