Usipige dawa mndimu wako, hao ni vipepeo

Sisi Wapwani tulioko Nairobi tuna tabia moja: hata ukikaa ghorofani, lazima uwe na mndimu. Wangu niliununua kwa wauza miche wa kando ya Ngong Road, nikaupanda kwenye ndoo rosheni kwangu, Kawangware. Mwezi wa Juni majani yakaanza kuliwa. Nikakuta juu yake vidudu mfano wa mavi ya ndege. Nikanunua dawa.

Shangazi yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Gede. Nilipomwamkia asubuhi, bomba la dawa mkononi, akauliza, "Waua nini, mwanangu?" Nikamwonyesha. Akamgusa kimoja kwa kijiti; kikachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa na harufu kali. Akacheka. "Huyu kwetu ni karo ya shule."

Hakuwa akitania. Gede, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993. Siku hizo wakazi wengi walitaka msitu ukatwe wapewe mashamba. Wakulima wakafundishwa kufuga viwavi na kuuza pupa, zikapelekwa Ulaya kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Viwavi hao hula majani ya miti ya msituni, basi msitu ukiisha na pato limekwisha.

Hapa mtaani hakuna wa kuninunulia pupa, lakini kanuni ni ile ile. Tunapanda maua tukingoja vipepeo, na ua ni kinywaji tu cha mpita njia. Kipepeo jike atafuta jani la kutagia, na kila aina ina jani lake. Huyu wangu, mweusi mwenye madoa ya manjano, hutaga kwenye ndimu, limau na chungwa. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mbawa ataka magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo una sumu, na ndiyo inayomfanya ndege amteme. Basi watoto wasiuchezee. Siku hizi hata nikipita bustani ya Jeevanjee mchana, naangalia majani kabla ya maua.

Kufuga si kazi kubwa. Tia tawi bichi kwenye chupa ya maji, ziba mdomo wa chupa kwa pamba ili viwavi wasitumbukie, funika yote kwa kipande cha chandarua. Badilisha majani kila siku, na yasiwe yamepigwa dawa. Kiwavi akishiba vya kutosha huacha kula, huzurura, kisha hujifunga kwa uzi kwenye kijiti. Hapo usimguse.

Nilikuwa na sita. Mmoja alikufa, na kutoka pupa moja wakatoka nyigu wadogo sana waliokuwa wamemla kwa ndani, jambo lililoniuma kuliko nilivyotarajia. Wanne walitoka wazima. Kila mmoja alining'inia mbawa zimekunjamana kama kanga iliyotoka kukamuliwa, zikanyooka, zikakauka, akaruka kuelekea Lavington.

Mlinzi wa jengo hupita na dawa kila mwezi. Nimemwomba aruke rosheni yangu, amekubali, japo anadhani nimechanganyikiwa. Mndimu umebaki na majani 11. Shangazi amepiga simu jana: ninunue wa pili.