Pampu haijafa, imemeza upepo!

Jamani, Jumamosi nusura nimtie dada aibu. Ndoa saa nne, na Hiace yangu ya dizeli ndiyo ya kubeba wazazi. Ijumaa ilitoka gereji na filta mpya, mipira ya mafuta mipya. Asubuhi napiga stata, inazunguka vizuri, haiwaki ng'o! Fundi akaja, akahukumu: pampu imekufa, tafuta hela.

Jirani yetu, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, akacheka. "Kijana, mlifungua njia ya mafuta, upepo ukaingia. Pampu inabana upepo, nozeli hazifunguki."

Kwanza akakagua waya wa swichi ya kuzimia pale kwenye pampu. Ukichomoka, mafuta hayapiti. Ulikuwepo. Akapampu kwa mkono juu ya filta mpaka ikawa ngumu. Akalegeza nati za nozeli kwa spana namba 17, mimi nikapiga stata sekunde 10, napumzisha, narudia. (Usiweke kidole hapo, dizeli yenye presha inatoboa ngozi!) Likatoka povu, halafu dizeli tupu. Akakaza. Vuuum!

Kanisani tulifika saa nne kasoro tano, mimi nanuka dizeli. Fundi bado ananidai hela ya kuja kuangalia.