Je, Wajua? Kazi ya Kiroba cha Mawe

Je, wajua ya kuwa mchimbaji wa Katoro, mkoani Geita, avutapo kwa kamba kiroba cha kilo 50 kutoka katika duara, yaani shimo la machimbo, lenye kina cha mita 30, hutenda kazi ya jouli 14,700, ghairi ya ile iliwayo na msuguano wa roda, na kwamba kazi hiyo hubaki katika kiroba kwa sura ya nishati, ambayo kamba ikikatika kiroba kikiwa juu hudhihiri kwa mwendo upatao mita 24 kwa sekunde, nao ni mauti kwa aliye chini? Ajabu zaidi, naona mimi, ni kuwa akikichukua begani kwenye ardhi tambarare mpaka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hata jasho likimtiririka, kwa hisabati ya fizikia hatendi kazi yoyote dhidi ya mvutano wa dunia.