Chipu Chini ya Ngozi ya Mkono: Inachofanya na Isichoweza Kufanya

Mikrochipu inayopandikizwa mkononi mwa binadamu ni kifaa chenye urefu wa takriban milimita 12 na unene wa milimita 2, kilichofungwa ndani ya kichupa cha kioo na kuingizwa chini ya ngozi kwa sindano nene, mara nyingi katika nyama laini iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Watu wamezoea kukifananisha na punje ya mchele, ingawa kwa hakika ni kirefu kuliko punje nyingi zinazoingia sufuriani. Wako wanaokitukuza kama mwanzo wa zama ambazo funguo, kadi na vitambulisho havitahitajika tena, na wako wanaokiogopa kama jicho la serikali lililofichwa mwilini, au hata kama alama ya mnyama inayotajwa katika Kitabu cha Ufunuo. Lakini pande zote mbili, kila moja kwa njia yake, hukipa uwezo ambao hakina.

Ndani ya kichupa hicho mna vitu vichache: kipande kidogo mno cha silikoni kinachobeba saketi na kumbukumbu, koili ya waya mwembamba wa shaba uliozungushiwa kijiti cha feriti, ambayo ni kauri yenye oksidi ya chuma inayokusanya nguvu za sumaku, pamoja na kapasita, yaani kiungo cha saketi kinachotunza chaji ya umeme kwa muda mfupi na kuiwezesha koili kuitikia masafa yaliyokusudiwa. Betri haimo, na kutokuwamo kwake ndiko kunakoeleza karibu kila jambo lingine kuhusu chipu hii, kwa sababu kifaa kisicho na chanzo chake cha umeme hakiwezi kutenda lolote mpaka kipewe umeme kutoka nje.

Umeme huo hutoka katika kisomaji, yaani kifaa cha kusomea chipu, ambacho huweza kuwa kwenye kitasa cha mlango, kwenye mashine ya kulipia dukani au ndani ya simu ya mkononi. Kisomaji hupitisha umeme unaobadilika-badilika katika koili yake na hivyo kuzalisha uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu za sumaku hufanya kazi, na koili ya chipu inapoingizwa katika eneo hilo, umeme kidogo huzaliwa ndani yake kwa kanuni ambayo Michael Faraday aliigundua mwaka 1831 na ambayo wanafunzi wa sekondari wangali wanaisoma katika somo la fizikia. Kwa umeme huo chipu huamka, kisha hujibu kwa kubadilisha kiasi cha nguvu inachovuta kutoka katika uga wa kisomaji. Kisomaji huyahisi mabadiliko hayo na kuyatafsiri kuwa tarakimu. Mkono ukiondolewa, chipu hunyamaza papo hapo. Kwa kuwa koili iliyomo katika kichupa cha milimita 2 ni ndogo sana, mazungumzo hayo huwezekana tu kwa umbali wa sentimita chache, na kwa simu nyingi mtumiaji hulazimika kuugusisha mkono kabisa na kuutafuta upande unaokubali.

Chipu hizi zimegawanyika hasa katika makundi mawili kulingana na masafa, yaani idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde. Kundi la kwanza hutumia kilohezi 125 au 134.2, na humo ndimo zilimo chipu wanazopandikizwa mbwa na paka wanaosafirishwa kwenda Ulaya. Kundi la pili hutumia megahezi 13.56, masafa yaleyale ya kadi za benki za kugusisha na ya simu zenye teknolojia ya NFC, yaani ya mawasiliano ya umbali mfupi. Moja ya chipu za kundi hilo la pili zinazotumiwa sana ina nafasi ya baiti 888 za mtumiaji, kiasi kinachotosha kuhifadhi anwani ya mtu, nambari zake kadhaa za simu na maneno machache, lakini hakitoshi hata picha moja ya kawaida ya simu.

Kutokana na hayo inafahamika kwa nini dai kwamba chipu ya mkononi humfuatilia mtu aendako halina msingi. Kifaa kinachotambua mahali kilipo kwa njia ya GPS hupokea ishara kutoka kwa setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 20,000 juu ya dunia, hufanya hesabu ya nafasi yake, kisha, ikiwa mtu mwingine anatakiwa kuijua nafasi hiyo, huituma kupitia mnara wa simu. Kazi zote tatu huhitaji umeme wa kudumu na antena ambazo haziwezi kuenea katika kichupa hicho. Anayetaka kufuatiliwa hana haja ya kuchomwa sindano, kwani simu iliyomo mfukoni mwake imeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na huichaji mwenyewe kila jioni.

Historia ya upandikizaji huu ni fupi. Mwezi Agosti 1998 Kevin Warwick, profesa wa Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza, alipandikizwa chipu mkononi na kukaa nayo kwa siku tisa, muda ambao milango na taa za idara yake zilimtambua alipopita. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu chipu iliyoitwa VeriChip itumike katika tiba: ilibeba nambari ya tarakimu 16 ambayo daktari angeitumia kufungua kumbukumbu za mgonjwa asiyeweza kuzungumza. Wazo hilo halikuwa baya, lakini lilidai kila hospitali iwe na kisomaji na kila daktari akumbuke kukitumia, na kufikia mwaka 2010 chipu hiyo haikuuzwa tena. Walioipokea teknolojia hii kwa wingi zaidi ni Waswidi, ambao maelfu kadhaa miongoni mwao wamepandikizwa. Mwaka 2017 shirika la reli la SJ lilianza kuwaruhusu abiria waonyeshe mkono badala ya tiketi, na mwaka huohuo, tarehe 1 Agosti, kampuni ya Three Square Market ya jimbo la Wisconsin, Marekani, iliwapandikiza wafanyakazi wapatao 50 waliojitolea, ili wafungue milango, waingie katika kompyuta na wanunue vitafunio kwenye mashine za ofisini.

Kwa upande wa mwili, jambo hili si geni kwa Afrika Mashariki kama linavyosikika, kwa kuwa wanawake wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda wanavijua vijiti vya uzazi wa mpango, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, juu ya kiwiko, na kukaa humo kwa miaka mitatu au zaidi. Tofauti ni kwamba kijiti hutoa homoni taratibu, ilhali chipu haitoi kitu, na kwamba kijiti huwekwa na mtoa huduma wa afya aliyefunzwa, ilhali chipu katika nchi nyingi huwekwa na watoboaji wa masikio na pua, ambao mara nyingi hawaruhusiwi kisheria kutumia dawa ya ganzi. Baada ya kupandikizwa, mwili hukizungushia kichupa utando mwembamba wa nyuzinyuzi, ambao ndio mwitikio wake wa kawaida kwa kitu kigeni usichoweza kukiyeyusha, na utando huo hukizuia kisihamehame.

Madhara yanayotarajiwa zaidi ni yale ya jeraha lolote dogo: maumivu, uvimbe, kuvuja damu chini ya ngozi, na usaha ikiwa vifaa havikutakaswa, jambo ambalo pia hufungua mlango wa pepopunda na homa ya ini. Sindano ikikosewa inaweza kuumiza kano au mshipa wa fahamu, kwani kiganja kina viungo vingi vilivyobanana. FDA, ilipoiruhusu VeriChip, iliorodhesha pia hatari ya chipu kuhama, kuacha kufanya kazi, na kutopatana na kipimo cha MRI, ambacho hutumia sumaku yenye nguvu nyingi. Suala la saratani lilizuka mwaka 2007, shirika la habari la Associated Press liliporipoti tafiti zilizoonyesha uvimbe wa saratani kuzunguka chipu katika panya. Hata hivyo panya hujulikana kupata uvimbe wa namna hiyo kutokana na vitu vigeni vya aina nyingi vinavyowekwa chini ya ngozi, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa binadamu.

Hatari iliyo nzito zaidi haimo mkononi bali katika daftari ambalo nambari ya chipu hulifungua. Abiria wa reli ya Uswidi hakubeba tiketi mkononi. Alibeba nambari ya uanachama, na tiketi ilikuwa katika kompyuta za shirika. Hivyo maswali ya maana ni nani analimiliki daftari hilo, nani anaruhusiwa kulisoma, na taarifa hufutwa lini. Aidha, nambari yenyewe si siri isiyovunjika: mwaka 2006 ilionyeshwa hadharani Marekani kwamba VeriChip iliweza kusomwa na kunakiliwa kwa kifaa kilichotengenezwa nyumbani, na mwaka 2010 Mark Gasson wa Chuo Kikuu cha Reading alionyesha kwamba chipu iliyokuwa mkononi mwake iliweza kubeba virusi vya kompyuta na kuuambukiza mfumo ulioisoma. Kadi iliyonakiliwa hukatwa kwa mkasi na kubadilishwa. Chipu isiyoweza kuandikwa upya huhitaji wembe wa daktari, na chipu za malipo, kama kadi za benki, zina tarehe ya mwisho.

Mnamo 2019, wakati wa usajili wa Huduma Namba, yaani nambari ya utambulisho wa kitaifa, nchini Kenya, baadhi ya waumini walikataa kujiandikisha wakihofia 666, nambari ya mnyama yule wa Ufunuo, ingawa usajili huo haukuhusu kupandikiza kitu mwilini. Hofu hiyo ilikosea kuhusu chipu, lakini haikukosea kuuliza taarifa za watu zinakusanywa ili zifanyiwe nini, na ndiyo maana sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zina uzito kuliko mjadala wowote wa sindano. Wisconsin ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2006, miaka kumi na mmoja kabla ya wafanyakazi wale kujitolea, ilikwisha kupiga marufuku kumlazimisha mtu yeyote apandikizwe chipu, na faini yake hufikia dola 10,000.

Kwa matumizi yaliyopo sasa, faida ya chipu ya mkononi ni ndogo, hasa katika nchi ambazo simu isiyo na intaneti hulipa nauli, karo na bili ya umeme. Anayeamua kupandikizwa hata hivyo ahakikishe sindano na chipu vimetakaswa na kufungwa, ahifadhi waraka unaoeleza aina ya chipu yake, na amweleze daktari kila anapoandikiwa kipimo cha MRI au upasuaji wa mkono.